Gofu: draiva inapinda kulia, ayani zinaenda sawa: nianze kurekebisha wapi?

Mgeni_wa_Tii
Wakuu, salaam. Napiga mkono wa kulia, handikapu 24 (mapigo ya ziada ninayopewa). Ayani namba 7 na 9 (fimbo fupi za chuma) zinatii, ila kwa draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza) mpira unaanza kushoto ya lengo, kisha unapinda kulia hadi kwenye miti. Nikielekeza miguu kushoto zaidi, unapinda zaidi. Nimeshauriwa nibadilishe mshiko, na pia niiache draiva yangu ya digrii 9 (mlalo wa uso wake). Nianze na lipi?

Fundi_Feawei
Karibu mkuu. Usinunue kitu bado, wala usiguse mshiko. Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe: mpira unaanza kushoto. Mpira huanza safari karibu na kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugonga, halafu hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Wako unaanza kushoto na kurudi kulia, kwa hiyo uso unatazama kushoto kidogo lakini fimbo inapita kushoto zaidi: inatoka nje na kuukata mpira kuja upande wa tumbo. Ungekuwa unaanza kulia na kuendelea kulia, hapo ningekuuliza habari za mshiko.

Ukigeuza miguu kushoto, mabega yanafuata miguu na fimbo inafuata mabega. Unauongezea moto kuni.

Ayani zinauficha ugonjwa huohuo. Uso wake umelala, mpira unazunguka sana kwa nyuma, na kupinda kunapungua. Uso wa draiva umesimama, tena mpini ni mrefu, kosa linaonekana lote. Draiva ya digrii 10.5 au 12 itakupunguzia kiasi, lakini njia ya fimbo itabaki ileile.

Kagua unavyosimama. Mpira uwe mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto. Ukiusogeza hadi kwenye vidole, mabega yanafunguka (yanageukia kushoto) kuufuata bila wewe kujua. Laza fimbo kifuani, bega hadi bega, uone inaelekea wapi. Nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Tii (kijiti cha kuinulia mpira) ikiwa fupi utachapa kwenda chini. Bega la kulia liwe chini kidogo ya la kushoto.

Dada_Grini
Nakubaliana, ila kagua pia unagongea wapi. Pulizia uso wa draiva poda ya miguu ya kopo, piga mipira mitano, tazama alama. Zikijaa upande wa kisigino cha fimbo, karibu na mpini, kichwa cha draiva kitazunguka kidogo kwa kugongwa huko na kuupindisha mpira kulia hata siku njia ikiwa safi. Wanaokata kutoka nje hugonga hapo sana. Usikimbilie kusimama mbali na mpira. Rekebisha njia, kisha pulizia tena.

Kocha_wa_Jioni
Chanzo chenyewe ni mwanzo wa kushuka. Fimbo ikifika juu, wengi husukuma bega la kulia mbele, na hapohapo mikono inatupwa nje. Kinachotakiwa: nyonga zielekee kushoto kwanza huku mgongo bado ukitazama lengo, mikono ishuke karibu na mfuko wa kulia, kifua kifuate mwisho.

Zoezi: weka mfuniko wa kichwa cha draiva nje ya mpira (upande wa mbali nawe), upana wa ngumi moja, na sentimita 15 nyuma yake. Kitu laini tu, usiweke tofali wala ubao. Vuta mguu wa kulia nyuma sentimita 20. Mipira 10 kwa ayani namba 9, mikono isipite usawa wa kifua. 10 kwa draiva, nusu kasi. 5 kasi kamili. Ukiugonga mfuniko, rudi nusu kasi.

Kila mpira, tazama umeanzia wapi kabla ya kutazama ulipoangukia. Ukianza kulia kidogo na kurudi katikati, umepata. Ukianza kulia na kuzidi kwenda kulia, njia imepona na uso umebaki wazi (unatazama kulia). Sasa ndipo mshiko unaingia: mpini upite kwenye mizizi ya vidole, usikae kiganjani, na ukitazama chini uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto. Glavu inayotoboka chini ya kiganja huonyesha mpini unateleza.

Jambo moja kwa mnaofanya mazoezi Nairobi: kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, mpira hupinda kidogo kuliko pwani. Pigo linalobaki pembeni mwa feawei (njia ya nyasi fupi) huko, Mombasa linaweza kuishia kwenye nyasi ndefu.

Mgeni_wa_Tii
Shukrani sana wakuu. Nusu kasi nitaijuaje?

Kocha_wa_Jioni
Pima kwa umbali. Kama draiva yako hufika mita 200, hii iishie 120 hadi 140, na umalize umesimama wima kwenye mguu wa kushoto bila kuyumba. Ukiyumba, bado unaharakisha.