Tupeane uzoefu: Ni wakati gani ulijua kwa hakika kwamba Mungu yupo pamoja nawe?

Binti Sayuni (mwanzilishi wa mada)
Bwana asifiwe, wapendwa. Jana nilikuwa nikikunja nguo za marehemu mama, ambazo kwa mwaka mzima sikuthubutu kuzigusa. Nilipofikia kitambaa chake cha kichwa, kile alichokivaa kila Jumapili, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba bila kulia, nimejawa na utulivu ambao sikuutafuta wala kuuomba. Nikamkumbuka Yakobo kule Betheli, aliyelala na jiwe kichwani pake kisha akaamka akikiri kwamba Bwana yupo mahali pale, naye hakujua. Naomba tusimuliane. Tafadhalini, yasiwe mafundisho, kwa kuwa hayo tunayapata ibadani; nataka yaliyokupata wewe mwenyewe.

Mama Watatu
Nimekuelewa kabisa, dada. Kwangu ilikuwa saa tisa usiku, nikinyonyesha, nimechoka hata jina langu silikumbuki vizuri. Sikuwa nimeomba siku hiyo, wala siku iliyotangulia.

Mzee wa Kanisa
Mimi niliokoka nikiwa na miaka 19, katika mkesha. Mwili ulitetemeka, nikanena kwa lugha hadi alfajiri, na watu wawili walilazimika kunishika nisianguke. Tangu siku ile, nikimsikia mtu akisema kwamba hajawahi kuhisi uwepo wa Mungu, humwuliza kwanza kama anafunga.

Katekista Mstaafu
Ndugu yangu Mzee, swali hilo ungemwuliza na Mama Teresa? Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa takribani miaka 50 aliishi katika giza la kutohisi chochote, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa akiamka alfajiri kusali na kwenda kuwahudumia wanaokufa. Mimi mwenyewe nimepiga magoti mbele ya Ekaristi kwa miaka 40, na siku nilizoguswa nikazijua ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Yupo pale, nihisi nisihisi.

Mzee wa Kanisa
Sikumtaja Mama Teresa, wala sikugusa dhehebu la mtu. Ila tusiwafundishe vijana kwamba kuhisi ni jambo la kuonea haya. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipokuwa kwenye kikao kidogo cha waumini jijini London, tarehe 24 Mei 1738, alishuhudia kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu, na maisha yake yakabadilika.

Chumvi
Naomba niongeze kwamba Wesley alipata upadri mwaka 1728, kwa hiyo alihudumu karibu miaka 10 kabla ya joto hilo. Mtuvumilie na sisi wenye mioyo ya baridi.

Mpiga Kinanda
Nimeisoma mada hii tangu asubuhi nikiogopa kuchangia.

Kwa miaka 11 nimepiga kinanda kanisani, na wengi wenu hamjui jinsi kazi ile inavyofanyika. Mchungaji akiinua mkono wa kushoto, mimi hupunguza sauti, nikashika noti za chini na kuzirudia polepole, na baada ya dakika chache watu huanza kulia. Ninajua mfuatano upi huwaliza na upi huwainua kutoka vitini. Sisemi kwamba machozi yao ni ya uongo. Ninasema kwamba mimi nilikuwa kama mpishi anayeshibishwa na harufu ya chungu kabla hajaonja, hata nikafika mahali pa kuamini kwamba uwepo tunaouimba ni kazi ya vidole vyangu.

Kisha mtoto wetu wa kwanza akazaliwa bila uhai, mimba ikiwa na wiki 38. Mke wangu alikuwa amepewa dawa ya usingizi, nami nikatoka nikaketi kwenye benchi nje ya wodi, yapata saa nane za usiku. Hapakuwa na kinanda wala kwaya, bali mngurumo wa jokofu nyuma ya mlango fulani na mfagiaji mmoja aliyekuwa akipiga deki. Nilijaribu kuomba nikashindwa. Ndipo nikaanza kumtukana Mungu, kwanza moyoni, baadaye kwa sauti, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba hayupo. Nilimwambia hivyo tena na tena, na katikati ya kumwambia nikashtuka: nilikuwa nikigombana na mtu, na mtu hagombani na asiyekuwepo.

Sikuhisi joto, sikusikia sauti, na uchungu wangu haukupungua hata chembe. Nilijua tu kwamba ninasikilizwa bila kukatizwa, kama unavyoweza kujua, ukiwa katika chumba chenye giza, kwamba mwenzako hajalala. Yule mfagiaji aliegemeza fimbo ya deki ukutani, akaja akaketi mwisho wa benchi, akabaki pale hadi kulipopambazuka bila kuniambia neno. Dini yake siijui.

Binti Sayuni
Pole sana, kaka. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Kanisa
Pole, ndugu, na Bwana awafariji. Pamoja na hayo, kama kwa miaka 11 ulikuwa ukizichezea hisia za waumini huku wewe mwenyewe huamini, unapaswa kutubu mbele yao.

Mama Watatu
Mzee, shikamoo, lakini hapana. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa wamefanya vizuri. Walianza kukosea walipofungua vinywa.

Mzee wa Kanisa
Marahaba, mwanangu. Nimekubali kwamba wakati haukuwa wenyewe. Hoja yenyewe sijaiondoa.

Chumvi
Basi na mchungaji anayeinua mkono wa kushoto atubu pia, tusimwonee mpiga kinanda peke yake.

Msomaji Kimya
Samahanini kwa kuingilia. Ni mwezi wa nane sasa ninaomba na ninaona kama nazungumza na ukuta, ingawa sina dhambi mpya ninayoificha. Nifanyeje?

Mzee wa Kanisa
Funga siku 3, ukae na Neno tu.

Katekista Mstaafu
Usiongeze mzigo juu ya mzigo. Kaa kimya robo saa kila siku, saa ile ile, bila kudai kitu. Na usome Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani kabisa, nayo bado ni sala.

Mama Watatu
Lala kwanza, ule vizuri. Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa ale, akalala tena, akamgusa ale mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baada ya mwendo wa siku 40, naye alikuwa ameshiba.

Chumvi
Mmoja anasema ufunge, mwingine anasema ule. Funga mchana, ule jioni, hutakuwa umemkosea mtu yeyote humu.

Msomaji Kimya
Asanteni nyote. Nitaanza na usingizi.

Binti Sayuni
Mpiga Kinanda, kama swali si zito: bado unapiga?

Mpiga Kinanda
Bado, dada. Tofauti ni kwamba mchungaji akiinua mkono, siku nyingine huacha kupiga kabisa. Jumapili iliyopita kimya kilidumu kama dakika mbili, na baada ya ibada mzee mmoja alinifuata kuniuliza kama umeme ulikatika.