Mjadala: Dawa za mitishamba za kikohozi ziendelee kuuzwa bila kupimwa?

MTOA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kuna hoja inarudiwa kila mara: mitishamba ya kikohozi ni ya asili, imetumika vizazi na vizazi, kwa hiyo iachwe iuzwe tu, mambo ya maabara ya nini. Mimi napinga, na napinga nikiwa mtu ninayeamini kwamba baadhi ya mimea inasaidia kweli.

Kinachotudanganya wengi ni hiki: kikohozi cha mafua huisha chenyewe, ila kinachelewa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwauliza watu kikohozi huchukua siku ngapi, na wastani wa majibu yao ukawa kati ya 7 na 9. Walipojumlisha tafiti zilizofuatilia wagonjwa wenyewe, wastani ukafika karibu siku 18. Sasa piga hesabu. Siku ya 8 mtu anaona hii siyo kawaida, anaanza tangawizi na limau. Siku ya 11 anahamia kitunguu saumu. Siku ya 14 anapewa chupa ya mizizi asiyoijua. Siku ya 17 kifua kinafunguka, na chupa ile ya mwisho ndiyo inabeba sifa zote. Hajamdanganya mtu, kasema alichokiona. Lakini ndiyo sababu "mimi nilikunywa nikapona" haiwezi kumaliza ubishi huu, iwe dawa ni ya mitishamba au ya famasi.

Asali angalau imepimwa. Mwaka 2007, hukohuko Marekani, watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku waligawanywa makundi matatu: asali, dekstromethofani (dawa ya kikohozi ya famasi), na wasiopewa kitu. Wa asali walipata nafuu zaidi ya wale ambao hawakupewa kitu. Utafiti ule ulifadhiliwa na bodi ya asali, na hilo lazima lisemwe, ila uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti kadhaa za watoto nao uliona asali huenda inapunguza kikohozi kuliko kukaa bila dawa.

Asali hiyohiyo ni mwiko kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kwanza anakosa choo, kilio kinafifia, kunyonya kunakuwa kwa shida, shingo inalegea, na mwisho ni pumzi. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Haya yanatokea kwa asali, tena safi kabisa, isiyochakachuliwa.

Na hoja ya kwamba wazee walitumia? Ulaya kuna mmea uitwao Tussilago farfara, dawa ya kikohozi tangu enzi za Warumi. Karne na karne baadaye ndipo ikajulikana una kemikali zinazoweza kuharibu ini. Ini huharibika polepole, kikohozi kikiwa kimeshasahaulika. Wazee walikuwa makini sana kwa mmea unaoua siku hiyohiyo. Unaodhuru baada ya miezi, wangeujuaje?

MCHANGIAJI

Mkuu, unaongea kana kwamba za famasi ni salama. Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa Gambia. Zilikuwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani zenye sumu, na watoto karibu 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Zile zilitoka kiwandani, zikiwa na lebo na kila kitu. Kodeini nayo, dawa ya jamii ya afyuni, watoto wamenyweshwa miaka mingi, hadi 2015 ndipo Ulaya ikasema isitumike kwa kikohozi cha walio chini ya miaka 12.

Halafu hiyo bromuheksini mnayoandikiwa ya kulainisha makohozi imetokana na kuiga kemikali ya mmea wa adhatoda, ambao Wahindi wanautumia kwa kifua tangu zamani. Mmea ukipitia kiwandani ni sayansi, ukibaki kwa bibi ni ushirikina? Na hiyo gharama ya kupima ataibeba nani? Mkiweka masharti ya kiwanda, watakaobaki sokoni ni wenye viwanda.

MTOA MADA

Hapo kwenye gharama umenigusa, nitarudi. Ila Gambia unaisoma kinyume. Sumu ile ilijulikana kwa sababu chupa zilikuwa na jina la mtengenezaji, maabara ikazipima, dunia nzima ikaambiwa ni zipi. Chupa ya maji iliyojazwa mizizi, haina jina wala tarehe, mtoto akidhurika tunaanzia wapi? Na wangapi wameshadhurika tusijue?

Sidai majaribio ya mabilioni. Nadai jina la mmea na sehemu iliyotumika, tarehe ya kutengenezwa, umri wa asiyeruhusiwa kunywa, na kupima kama kuna madini ya risasi au dawa ya kiwandani iliyochanganywa kimyakimya. Hilo la mwisho si la kutunga: dawa za jamii ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni, zimeshakutwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za asili. Mtu anasikia nafuu ya haraka, anaisifia, anaendelea kuinywa, na siku akiiacha ghafla mwili unaweza kumwangusha. Upimaji huo ulipiwe na serikali, ianze na mimea inayotumika zaidi. Muuzaji mdogo asibebeshwe.

MCHANGIAJI MWINGINE

Samahani nawakatiza. Mama yangu ana presha na anatumia vidonge vya enalapril. Anakohoa kikavu muda mrefu sasa, amejaribu kila jani, wiki hii kapewa mizizi ya urukususu (licorice). Aendelee?

MTOA MADA

Dada, asiendelee. Urukususu unaweza kupandisha presha na kushusha potasiamu, kwa hiyo kwake ni hatari. Enalapril yenyewe, pamoja na ndugu zake kaptopril na lisinopril, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma kwa jani lolote. Vidonge asiviache kwa uamuzi wake. Arudi kwa daktari abadilishiwe. Na kwa kuwa kimepita wiki mbili, aombe pia apimwe kifua kikuu. Mpelekeni mapema wiki hii, na iwekeni mizizi yenyewe kwenye mkoba daktari aione.