Tupeane uzoefu: uliingiaje masta ya uhandisi, na kazi za saiti ulizielezaje?

MlalaSaiti
Habari zenu wakuu. Najaza maombi ya masta ya ujenzi, upande wa barabara. Kuna sehemu wanataka maneno 500 kuhusu historia yangu ya masomo na uzoefu wa kazi, nimeganda hapo. Nilisoma shule ya ufundi, nikaenda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kidato cha tano na sita, nikachukua digrii ya ujenzi na GPA ya 3.1. Tangu hapo ni saiti tu: barabara za changarawe, makalavati, kidogo kwenye reli ya SGR upande wa Morogoro. Vyeo vyenyewe vya ajabu, mara msaidizi wa mhandisi, mara mwangalizi, na kuna mahali niliandikwa kibarua ili mkandarasi akwepe kunichangia mfuko wa hifadhi. Unaandikaje haya profesa akakuelewa? Waliopita huko mwageni uzoefu.

Koroboi
3.1 inakutosha mkuu, vyuo vingi hapa nyumbani Tanzania vinaanzia 2.7. Kazi ipo kwenye ada.

BintiKarakana
Umenikumbusha mbali. Mimi ni mhandisi wa mitambo, nilipitia diploma kwanza, nikafanya kazi kiwandani, digrii ikaja baadaye. Kwenye maombi ya masta sikuandika kwamba nina ari wala kwamba ni mchapakazi. Niliandika habari za pampu. Kiwandani tulikuwa na pampu ya maji inayokula beringi, inawekwa mpya, baada ya muda inalia tena. Mafundi wakasingizia beringi feki za mtaani. Nikafunga saa ya kupimia kwenye kapilingi, pale shafti mbili zinapoungana, nikazungusha shafti kwa mkono taratibu, mshale ukaonyesha kwamba shafti ya mota na ya pampu hazikai mstari mmoja. Tukaweka vibati vyembamba chini ya miguu ya mota, tukanyoosha, kelele ikaisha. Msimamizi wangu chuoni aliniambia alisoma aya hiyo akaruka nyingine zote. Tasnifu yangu ikawa juu ya mitetemo ya mashine. Kwa hiyo vyeo viache, andika pampu yako.

Fundi Mchundo
Umesikia? Diploma kwanza! Hawa waliotoka kidato cha sita moja kwa moja hadi digrii, mpe levo, ile darubini ya kupimia miinuko, asome namba kwenye stafu (rula ndefu ya kusimamisha), anatoa macho.

Mlimani Mkongwe
Mmeanza. Kasome Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 ndipo uje kutufundisha nani ni nani. Kitivo cha Uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza 1973, na tulikuwa tunapelekwa viwandani kila likizo ndefu.

Fundi Mchundo
Ufundi Dar, hii DIT ya leo, ipo tangu 1957 mzee wangu. Shikamoo.

Mlimani Mkongwe
Marahaba. Ila levo nasoma.

Wa Juja
Jameni watani, huku kwetu Kenya digrii ya uhandisi ni miaka 5, nyinyi ni 4, na bado mnazozana?

Koroboi
Toa migomo ya wahadhiri hapo, mnabaki na mingapi?

Kodi na Kahawa
Samahani, sisi wahandisi wa programu tunaruhusiwa kuchangia?

Fundi Mchundo
Hapana.

Kyubu
Niacheni niseme langu, maana hili limenigusa.

Nilikuwa nimetoka chuo, nimesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu, niko kwenye SEAP, ile miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu huku unajaza taarifa zako. Nikawekwa maabara ya saiti, upande wa mhandisi mshauri, barabara fulani ya mkoani. Msiniulize mkoa. Kazi yangu zege: kupima slampu kwa ile koni, yaani zege bichi linashuka kiasi gani ukiiinua, kujaza kyubu (vipande vya zege vya mchemraba) za milimita 150, kuziloweka kwenye tenki, kuzivunja siku ya 7 na siku ya 28. Zege la kalavati lilitakiwa kuwa daraja la 25, yaani kyubu ya siku 28 ibebe angalau nyutoni 25 kwa kila milimita mraba. Kyubu zikawa zinatoa 34, 36, 35. Kila mtu anachekelea, mimi usingizi ukaruka. Zege lenyewe nililiona linamwagwa, maji yamezidi, ukiinua koni linalala chini kama uji wa mgonjwa. Hilo haliwezi kutoa 36 hata ulisomee dua.

Nikaanza kubaki saiti usiku. Nikamwona dogo wa mkandarasi nyuma ya stoo na toroli, anakoroga mchanganyiko wake, saruji ya kumwaga, anajaza kyubu na kuziandika tarehe ya zege letu. Zangu zinatolewa kwenye tenki, zake zinaingia. Sikusema kitu. Zege lililofuata nikajaza kyubu kama kawaida, ila katikati ya kila moja nikatumbukiza ushanga mwekundu.

Siku ya 28 mkandarasi yupo, mshauri yupo, na mzee mmoja kutoka serikalini amekuja kukagua. Mashine ikavunja, 35. Makofi. Nikaomba nyundo. Nikaponda vipande kyubu moja baada ya nyingine, nikachambua mbele yao, hamna kitu. Meneja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ushanga. "Ushanga gani?" Nikawaeleza.

Yule mzee akaagiza wakate kiini, kipande cha zege cha kupima, kwenye kalavati lenyewe. Kikatoka 14. Kalavati likavunjwa. Na mimi mkataba wangu ulipoisha nikaambiwa bajeti imebana. Nikaenda zangu masta. Siku ya kutetea tasnifu mlango unafunguliwa, anaingia mtahini wa nje, namtazama...

Ngoja niko kwenye daladala, nakuja kumalizia.

Wa Juja
Haki wewe! Rudi hapa!

Koroboi
Nimeweka kiti. Siondoki.

Chatu wa Moramu
Mimi nina shaka. Kyubu yenye ushanga ndani ni sampuli iliyochezewa. Wakili wa mkandarasi angekumaliza.

BintiKarakana
Kaka, kokoto za milimita 20 zimo humo, ushanga mmoja utafanya nini?

Chatu wa Moramu
Utaratibu ni utaratibu. Angemfuata mhandisi mkazi akaandika barua.

Fundi Mchundo
Na kama mhandisi mkazi ndiye anakula na mkandarasi? Wewe umewahi kukaa saiti au unasoma saiti?

Mama Transfoma
Jamani mtoa mada mmemsahau. Mdogo wangu, kama unawaza nje, wale DAAD wa Ujerumani, wafadhili wa masomo, kwenye kozi zao za watu wa nchi zinazoendelea wanataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya digrii, na kwa kawaida isiwe imepita zaidi ya miaka 6 tangu upate digrii. Hesabu yako ipige kwanza. Mimi nilitoka kwenye mabwawa ya umeme nikaingia masta nikiwa na watoto, na nakuambia kila kibarua ulichofanya kinaingia, ili mradi una barua yake. Ile saiti uliyoandikwa kibarua, mfuate mhandisi aliyekuwepo pale, sio ofisi ya mkandarasi. Akuandikie alichokuona unafanya.

Koroboi
Mimi ningemshauri amalize SEAP apate uhandisi mtaalamu, masta baadaye.

Kodi na Kahawa
Achana na masta, fungua hadiwea.

Fundi Mchundo
Nimesema wewe hapana.

Mlimani Mkongwe
Na ukipata ajira rasmi kumbuka Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara wa msingi inaondoka kabla hujaiona.

Kyubu
Nimerudi. Mtahini ni yule mzee wa serikalini. Akanikazia macho, akafungua ukurasa wa grafu, akaniuliza kwa nini mstari wangu haupiti kwenye sifuri. Hakugusa habari ya ushanga hata kidogo. Nikapewa marekebisho kurasa nzima nzima.

Wa Juja
Yaani hiyo tu?

Kyubu
Hiyo tu. Ulitaka anikumbatie?

MlalaSaiti
Asanteni wote. Nimeanza hivi, nikosoeni: "Nilishiriki katika usimamizi wa ujenzi wa matabaka ya barabara kwa kuzingatia viwango."

BintiKarakana
Ulishiriki vipi, ulibeba chai?

MlalaSaiti
Hahaha. Nilikuwa nachimba kishimo kwenye tabaka, napima ujazo kwa mchanga, natafuta mshindilio, yaani tabaka limekazwa kiasi gani. Ikiwa chini ya 95% rola inarudi.

BintiKarakana
Sasa hiyo ndiyo uiandike, kwa maneno hayo hayo.

Chatu wa Moramu
95% ya wapi? Moramu ya tabaka la msingi ni 98%.

MlalaSaiti
Nimesema tabaka la chini yake mkuu. La juu ni 98%, na ndiko nilikogombana na watu hadi nikahamishwa.

Chatu wa Moramu
Ugomvi usiuandike, utaonekana mkorofi.

Mama Transfoma
Uandike. Ila taja namba, usitaje watu. Na barua za wadhamini umeshaomba?

MlalaSaiti
Bado. Dirisha linafungwa Ijumaa.

Mama Transfoma
Toka humu ukapige simu.