Dirisha la programu linaganda FFmpeg inapogeuza kanda

Kijana wa Ngamiani: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina studio ndogo hapa Ngamiani, Tanga, ambako watu huniletea kaseti za taarab na za harusi ili niwawekee kwenye flashi. Kanda ya dakika 60 hutoa faili la WAV la megabaiti zaidi ya 600, kwa hiyo nimeandika programu ya Python yenye dirisha la Tkinter (maktaba ya Python ya kuchora madirisha) ambayo huiita FFmpeg, programu ya kugeuza faili za sauti na video, kwa `subprocess.run` ili igeuze faili hilo kuwa MP3. Kazi inafanyika, ila dirisha huganda hadi mwisho, kitufe cha kusitisha hakibonyezeki, na Windows huandika kwamba programu haijibu. Jana mteja aliyesimama nyuma yangu alidhani harusi ya mama yake imeshapotea. Nitumie njia gani?

Baharia: Wa alaykum salaam. FFmpeg haina kosa. Uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ndio unaochora dirisha na kupokea mibonyezo, na `subprocess.run` huushikilia uzi huo huo mpaka kazi iishe. Windows nayo, ikiona dirisha halijachukua ujumbe kwa sekunde 5, hulihesabu kuwa limekwama. Ianzishe FFmpeg kwa `Popen`, ambayo hurudi papo hapo, kisha utumie `after`, amri ya Tkinter ya kupanga kazi ya baadaye, kuuliza `poll` kila baada ya milisekunde 200: ukijibiwa `None`, jipange kuuliza tena; ukijibiwa namba, kazi imekwisha, na 0 ni salama.

Mzee wa Chumbageni: Mimi huweka kitanzi cha `while` chenye `update` ndani yake, na dirisha hubaki hai bila taabu hizo.

Baharia: Shikamoo, mzee wangu. Njia hiyo hufaa hadi siku mtumiaji atakapobonyeza kitufe mara mbili, kwa maana `update` itapokea bonyezo la pili katikati ya kitanzi, kitanzi kingine kitaanza ndani ya kile cha kwanza, na FFmpeg mbili zitagombea faili moja. Tafadhali kizime kitufe kwanza.

Kijana wa Ngamiani: Ahsanteni. Dirisha haligandi tena, lakini sasa FFmpeg yenyewe inasimama njiani: faili fupi humalizika, ila kwa kanda nzima `poll` hujibu `None` bila kikomo. Nimeweka `stderr=PIPE`, yaani ujumbe wa FFmpeg wa makosa na maendeleo (stderr) upite kwenye bomba kuja kwa programu yangu, ili baadaye nisome asilimia.

Mkonge: Basi hiyo `PIPE` ndiyo inayokukwamisha. FFmpeg huandika maendeleo yake kwenye stderr, na kwa kuwa hakuna anayeyasoma, bomba hujaa, nayo husimama ikingoja nafasi ambayo haitapatikana. Ielekeze stderr kwenye faili (utalihitaji siku mambo yakiharibika), uongeze `-nostats -progress pipe:1`, kisha stdout (njia ya kawaida ya matokeo) ndiyo uipe `PIPE`, isomwe na uzi wa pili ambao kazi yake ni kuweka mistari kwenye `queue.Queue` tu. Uzi huo usiguse vitufe kamwe. Ile `after` ndiyo itoe mistari kwenye foleni hiyo na kusogeza kipimo. Tafuta `out_time` na uigawe kwa urefu wa kanda.

Kijana wa Ngamiani: Imekubali, kipimo kinasogea. Nimegundua pia kwamba nikifunga dirisha kabla ya kazi kuisha, FFmpeg huendelea peke yake kimyakimya, kwa hiyo `WM_DELETE_WINDOW` (tukio la kufunga dirisha) sasa huita `terminate` kwanza, kisha hufuta MP3 iliyoachwa nusu.