Naomba ushauri: mtu kajaza kodi kwa namba ya mdogo wangu (Marekani)

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa mlioko Marekani, hasa mliowahi kukutwa na hili.

Mdogo wangu wa kike yuko Houston. Katuma fomu zake za kodi kwa mtandao, zikakataliwa: namba yake ya Social Security (ile ya utambulisho inayotumika kwenye kodi) imeshatumika kwa mwaka huohuo. Yaani kuna mtu kamtangulia, bila shaka anawinda marejesho ya kodi.

Tunachojua ni kwamba inabidi ajaze Fomu 14039 (ya kuripoti wizi wa utambulisho) ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, aiambatishe na fomu zake za kodi za karatasi, atume kwa posta. Ripoti zake za mikopo tumeshazifungia kwenye kampuni tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, ili mtu asikope kwa jina lake, na hakuna gharama. Jana kapigiwa simu na jamaa anayejiita ofisa wa IRS, eti anunue gift card "asafishiwe faili". Tumemkatia. IRS kwa kawaida huanza kwa barua, na hawalipwi kwa kadi za dukani!

Sasa maswali. Ile IP PIN (namba ya siri ya IRS ya kuzuia mtu mwingine asijaze kodi kwa namba yako) ya tarakimu 6, inayobadilika kila mwaka, aiombe sasa hivi au asubiri kesi iishe? Waliopitia haya, marejesho yenu yalichukua muda gani? Na hawa wanaotujazia kodi mtaani, tunaowatumia picha za W-2 (fomu ya mshahara toka kwa mwajiri) kwa WhatsApp, nyie mnawapelekeaje karatasi zenu? Mimi huyo wetu nimeanza kumtilia shaka, ingawa ushahidi sina.