Ngome ya mlimani kwa siku mbili kutoka Pune: Sinhagad, Raigad au Daulatabad?

Kisiki_cha_Mpingo:
Wakuu salaam. Nasoma hapa Pune, India, mwaka wa pili. Baba mdogo anakuja kunitembelea Desemba. Ni mwalimu mstaafu wa historia na ameshanionya kwamba hataki kutembezwa madukani, anataka ngome yenye habari ya kusimulia. Nina Jumamosi na Jumapili tu. Tatizo ni goti lake la kulia. Nimechuja zikabaki hizo tatu. Mliofika, nisaidieni.

Binti_Mvita:
Kwa goti, Sinhagad. Ni kilomita 30 hivi kutoka mjini na gari linapanda hadi karibu na lango. Habari yake anaweza kuisimulia hata akiwa amekaa: mwaka 1670 Tanaji Malusare, jemadari wa Shivaji, mtawala wa Wamaratha wa huku, alipanda genge usiku na watu wake, ngome ikatekwa, yeye akauawa. Shivaji akasema ngome imekuja, simba ameondoka. Hiyo hadithi ya kufunga kamba kwenye kenge ndipo wapande, mwachie mwenyewe aichambue. Halafu bajia za vitunguu pale juu, na mtindi wa kwenye vyungu vidogo, acha tu!

Mdau_wa_Deccan:
Sinhagad wikiendi ni foleni ya magari na watu wa kupiga picha. Ni ya nusu siku. Mtu ametoka Tanzania umpeleke kula bajia?

Mpeleke Raigad. Shivaji alitawazwa pale Juni 1674, akafia palepale 1680. Ngazi zake zinapita elfu moja, lakini kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya, dakika chache mko juu. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha. Sinhagad haimo.

Mama_Zuhura:
Nakubaliana na Raigad, ila asitarajie majumba. Waingereza waliipiga mizinga 1818, kilichobaki ni misingi, kuta na mtaa wa soko. Inahitaji mtu wa kueleza. Kilichonigusa mimi ni buruji la Hirakani. Wanasimulia kuwa huyo Hirakani alikuwa mama muuza maziwa, malango yakafungwa jioni naye ameacha mtoto mchanga nyumbani, akateremka gengeni gizani. Nilipochungulia chini miguu iliniisha nguvu.

Na huko juu ni kutembea juani. Kigari hakimalizi kazi yote.

Mdau_wa_Deccan:
Hilo kweli. Kofia na maji.

Popo_Mzee:
Mwalimu wa historia anapelekwaje kwingine wakati Daulatabad ipo? Sultani Muhammad bin Tughluq alihamishia hapo makao yake kutoka Delhi, 1327. Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Kilwa 1331, aliiandika, akataja panya wa shimo la wafungwa kuwa wakubwa kuliko paka! Mwamba umechongwa wima, chini handaki la maji, na njia ya kupandia inapita kwenye shimo la giza lililojaa popo. Adui akiingia humo amekwisha. Bebeni tochi.

Tena njia hiyohiyo ya kwenda Ellora, kwenye mahekalu yaliyochongwa mwambani, inapita Khuldabad, penye kaburi la Malik Ambar. Mhabeshi, aliuzwa utumwani, akaja kuishika dola ya Ahmadnagar na kuwahangaisha Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, mpaka alipofariki 1626.

Binti_Mvita:
Na goti?

Popo_Mzee:
Kileleni asifike. Sehemu ya chini ni tambarare: kuta, mizinga, mnara wa Chand Minar. Inatosha asubuhi nzima. Ubaya wake ni umbali, kilomita 230 na ushei. Ondokeni Ijumaa usiku. Mkiongeza Ellora, Jumapili iko wazi, hufungwa Jumanne. Tiketi za wageni ni ghali kuliko za Wahindi, jiandaeni.

Kisiki_cha_Mpingo:
Nimempigia. Nilianza na Sinhagad kwa ajili ya goti, akaitikia "mmh". Raigad, akaniuliza kama kile kigari kina mkanda. Nilipofika kwa Malik Ambar akanikatiza, akasema goti siku hizi halimuumi kabisa.

Mama_Zuhura:
Mnunulie fimbo hata hivyo.