MJADALA: Maombi kwenye chapeli ya chuo cha Biblia yaandaliwe, yamwagwe, au yaachwe yalivyo?

Mzee wa Tukuyu (mleta mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Wasio wa imani hii karibuni pia, ila msianzishe vita vya ubatizo wa maji mengi, hiyo ina mada yake.

Mimi ni mchungaji wa Kibaptisti. Majuzi nilialikwa kuhubiri kwenye chapeli ya chuo kimoja cha dhehebu letu, jina mniachie. Kufika tu nikapewa karatasi ya ratiba, na naiweka hapa kama ilivyokuwa: maombi ya kufungua dakika 2, sifa dakika 12, maombi ya sadaka dakika 1, matangazo dakika 8, kwaya dakika 5, neno dakika 30, maombi ya kufunga dakika 2. Saa moja kamili. Piga hesabu mwenyewe: kuzungumza na Mungu dakika 5, kuambiwa habari za ada na zamu za usafi dakika 8.

Yale ya sadaka ndiyo yalinimaliza. Kijana kashika kipaza sauti, "Baba tunakushukuru kwa sadaka hii, wabariki waliotoa na ambao hawakuwa nacho, Amina," na kabla hajafika kwenye Amina mpiga kinanda ameshaanza kubonyeza. Maombi yamekuwa kama kile kipande cha muziki redioni, cha kuziba nafasi mtangazaji akibadilishana kiti na mwenzake.

Baada ya ibada tukaenda chai. Nikakaa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, chapati yake hakuigusa. Kumbe mtoto wake amelazwa kijijini siku ya pili, degedege, na yeye nauli hana. Alikuwa mle chapeli safu ya nne, simu ameishika mkononi muda wote. Maombi ya kufunga yalisema "wakumbuke wagonjwa wote popote walipo". Popote walipo! Baba wa mgonjwa yuko hatua kumi kutoka kwenye mimbari.

Sasa hoja yangu. Chuoni tulifundishwa homiletiki, yaani ufundi wa kuhubiri, mihula miwili: kuligawa andiko, kutafuta mfano, kuangalia watu usoni, mikono uiweke wapi. Kuomba mbele za watu hakuna aliyetufundisha hata siku moja, ilidhaniwa tunajua. Charles Spurgeon, yule mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza ambaye sisi tukitaka kushinda ubishi ndiye tunamtaja, alikuwa na chuo chake London tangu 1856, na katika masomo yake kwa wanafunzi aliweka somo zima la maombi ya hadhara. Aliwaambia akilazimishwa kuchagua, ataachia wengine mahubiri kuliko kuachia maombi. Akawasimulia pia habari ya George Whitefield, mhubiri maarufu wa uamsho wa karne ya 18, na mhubiri mmoja: yule bwana aliomba hadi akamweka Whitefield katika hali njema ya moyo, kisha akaendelea kuomba hadi akamtoa tena.

Napendekeza hivi. Siku moja ya chapeli kwa wiki, neno liwe dakika 15 na maombi yapewe 20. Anayeongoza aambiwe siku tatu kabla, apite mabwenini, akusanye mahitaji kwa majina, akae nayo, aje ameandaliwa kama mhubiri anavyoandaliwa. Sisemi asome karatasi. Nasema ajiandae.

Naleta hoja, zipigwe.

Moto wa Mwanza

Mchungaji, ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Muda si tatizo. Tatizo ni mtu mmoja anaomba na watu mia mbili wanamsikiliza kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukimpa dakika 20 badala ya 2, umewaongezea usingizi.

Wote wafungue vinywa. Kiongozi ataje jambo, "tunamwombea mtoto wa ndugu yetu", na chapeli nzima ipaze sauti kwa pamoja. Soma Matendo 4:24, "wakampazia Mungu sauti zao kwa moyo mmoja". Na msiniletee ile hadithi kwamba ni Upentekoste umeingia kwa mlango wa nyuma. Wakorea wanaomba hivyo tangu uamsho wa Pyongyang mwaka 1907, na walioanza ni Wapresbiteri, watu wa utaratibu kutushinda sisi mara tatu.

Halafu tuwe wakweli. Wanafunzi haohao usiku kwenye mkesha bwenini wanaomba mpaka madirisha yanatetemeka. Asubuhi wakivaa tai wanakuwa mawe. Nani kawafundisha kwamba Mungu wa chapeli si yule wa bwenini?

Kimya Kikuu

Mathayo 6:7, "msipayuke-payuke". Nimemaliza.

Mwalimu Mstaafu

Hujamaliza, mwanangu. Hujaanza.

Neno hilo limetuletea ugomvi mwingi kuliko linavyostahili. Kupayuka ni kuropoka, kusema ovyo bila kupima. Masikioni mwetu limegeuka kupiga kelele, ndiyo maana mstari huu hupigiwa wale wenye sauti kubwa. Kigiriki chake kinakemea maneno matupu yanayorundikwa na kurudiwarudiwa, na mstari wenyewe unaendelea: "hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi". Mengi, hakusema makubwa. Mtu anaweza kupayuka kwa kunong'ona.

Lakini na wewe Moto wa Mwanza usishangilie. Endelea kusoma hapohapo Matendo 4. Maombi yale yana maneno, yameandikwa: wanamtaja Mola aliyefanya mbingu na nchi, wanakwenda Zaburi ya 2, wanawataja Herode na Pilato, kisha wanaomba ujasiri. Ni ombi moja lenye mpango. Halafu Paulo, 1 Wakorintho 14:16, anauliza mtu "ataitikiaje, Amina" ikiwa hayajui usemayo. Amina ni sahihi ya mkutano. Nitatia sahihi vipi barua mia mbili zinazosomwa kwa wakati mmoja?

Sasa nije kwako Mzee wa Tukuyu, maana hili la kuandaa lina historia. Sisi tulizaliwa ndani ya ugomvi huu. John Smyth na wenzake, Wabaptisti wa kwanza kabisa, pale Amsterdam walikataa kitabu mbele ya macho wakati wa ibada. Ipo barua ya mwaka 1609 ya waumini wawili inayoeleza ibada yao: wanafungua kwa maombi, wanasoma sura moja mbili za Biblia, kisha vitabu vinawekwa pembeni, wanaomba, mmoja anasema, wa pili anafuata, hata wa nne na wa tano. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, halafu mchana tena. John Bunyan naye, mhubiri aliyeandika Safari ya Msafiri, alipofikishwa mahakamani Bedford 1661, mojawapo ya mambo aliyobishana na hakimu ni Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Alisema Neno la Mungu halikumwamuru kuomba kwa kitabu kile. Alikaa gerezani miaka 12 hivi, na humohumo akaandika kuhusu kuomba kwa Roho.

Kwa hiyo mtu akisema "maombi yaandaliwe", damu ya Kibaptisti inaruka kidogo. Ni haki yake.

Ila ngoja niwaulize. Mnajua hii? "Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa kuwa umetulinda usiku kucha, wako wengi waliotamani kuiona siku ya leo lakini hawakuiona, si kwamba sisi ni wema sana kuliko wao, bali ni kwa neema yako tu…" Nani hapa hawezi kuimalizia? Nimefundisha miaka thelathini, nimeisikia kutoka kwa vijana wa Kagera, wa Mtwara, wa Kigoma, neno kwa neno, na wote wanaamini wanaomba bila kitabu. Kitabu cha sala tulikikataa mezani, tukakihifadhi kichwani. Na afadhali kile cha Waanglikana, angalau kilihaririwa.

Daftari la Mlangoni

Mnajadili mtindo wa maombi wakati mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio na kiranja ana kalamu. Ukikosa chapeli tatu unaitwa ofisini. Thomas Helwys, mmoja wa waanzilishi wa Wabaptisti, mwaka 1612 alimwandikia mfalme wa Uingereza kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, awe mzushi, Mturuki (yaani Mwislamu) au Myahudi. Akafungwa gereza la Newgate, London, hakutoka hai. Leo wajukuu zake wananihesabu kama niliomba au sikuomba. Anzeni hapo.

Moto wa Mwanza

Daftari, mfalme hakukulipia bweni wala hukujaza fomu ya kujiunga na ufalme wake. Chuo ulikiomba mwenyewe.

Binti wa Iringa

Shikamooni wazee wangu.

Nipo mwaka wa tatu, na zamu za chapeli nazipanga mimi na wenzangu wawili, kwa hiyo ile karatasi ya Mzee wa Tukuyu naijua, inaweza kuwa hata yetu. Mambo mawili tu.

La kwanza, wanawake tukipewa zamu ya maombi huwa ni ya sadaka. Ile dakika 1. Sijawahi kusikia sababu, imekaa tu hivyo kama kigoda cha bibi ambacho hakuna anayekihamisha. Mkiongeza dakika 20, naomba tujue mapema zitakuwa za nani.

La pili ni lugha. Hapa chuoni tunaomba Kiswahili sanifu kabisa, "ewe Mungu uliye mwingi wa rehema". Mama yangu alipopasuliwa mwaka jana, nilikwenda nyuma ya jiko la chuo, nikaomba Kihehe. Sikuchagua, kilitoka chenyewe. Kwa hiyo mwalimu akisema Amina inahitaji kusikia na kuelewa namwelewa, lakini yapo maombi yangu ambayo mkiniambia niyapeleke kwenye kipaza sauti nitayatafsiri kwanza, na nikishayatafsiri yamepoa. Hapo namuunga mkono Moto wa Mwanza. Katika zile sauti za wote naweza kujificha na Kihehe changu.

Pasta wa Goma

Bwana asifiwe, ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kivu Wabaptisti tuko wengi na mabishano yenu tunayajua, lakini sisi yametufikia kwa njia nyingine.

Mnasema mtu aombe kwa majina. Vizuri. Paulo anasema 1 Timotheo 2 dua na sala na maombezi na shukrani zifanyike "kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka". Tangu mji wetu ulipochukuliwa na kundi lenye silaha la M23, Januari 2025, mstari ule umekuwa mzito kinywani. Wenye mamlaka ni nani? Ukitaja jina umechagua upande. Ukinyamaza, yupo atakayeuliza kwa nini umenyamaza. Ndani ya ukumbi mmoja yuko aliyekimbia kutoka Rutshuru, yuko aliyetoka Masisi, na hawakukimbia mtu mmoja.

Kwa hiyo ninayeongoza maombi, mimi naandika. Kila neno nalipima usiku, nafuta, naandika tena. Mwalimu Mstaafu, naheshimu gereza la Bunyan. Lakini kumwaga maneno yoyote yanayokuja kunahitaji usalama ambao sisi hatuna. Na sauti za wote kwa pamoja, ndiyo, huwa tunazitumia, maana mle hakuna anayejua jirani yake amemlilia Mungu juu ya nani.

Mzee wa Tukuyu

Nimerudi, poleni, mtandao wa huku mvua ikinyesha mnaujua.

Pasta wa Goma, umeninyamazisha. Nilikuwa nafikiria kuandaa kama jambo la adabu ya ibada, kumbe kwenu ni la uhai. Mwalimu, ile ya "wengi walitamani kuiona siku ya leo" niliiomba mwenyewe Jumapili iliyopita. Nilikuwa katikati ndipo nikaikumbuka hoja hii ya maandalizi, sikuweza kusimama, nikaimaliza.

Moto wa Mwanza na binti yangu wa Iringa, nakubali nusu. Sauti za pamoja ziwepo, dakika tano, baada ya majina kutajwa. Lakini majina yatajwe na mtu mmoja, taratibu, yasikike. Yule baba wa safu ya nne hakuhitaji kelele wala ukimya. Alihitaji watu wajue mtoto anaitwa nani. Na kule kwenye dakika 20, binti, andika jina lako la kwanza, mimi nitasimama nyuma yako wakinuna.

Daftari la Mlangoni sina jibu. Nimelitafuta tangu jana. Kusema kwamba ulijaza fomu ni kweli, lakini Helwys angecheka.

Wengine mmeuliza inbox kuhusu yule mtoto. Alitoka hospitali siku ya tano. Nauli ilipatikana mezani palepale pa chai, wanafunzi sita walichanga, na mmoja wao akaomba pale pale huku amesimama na kikombe. Ndiyo maombi pekee ya siku ile ninayoyakumbuka neno kwa neno.

Nimealikwa tena mwezi wa kumi. Nimemwandikia mratibu wa chapeli kwamba mimi nipewe dakika 15 tu, zinazobaki ziwe za maombi. Amenijibu leo asubuhi: "Sawa mchungaji, wazo zuri sana. Ila matangazo tutayaweka wapi?"